Simu Iliyomulika Maulidini

Michenzani, Unguja
Jumamosi, 31 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kuulizana hali na habari za nyumbani, lakini leo nikianza huko nitaishiwa na ujasiri kabla sijafika ninapokwenda. Kwa hivyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: naogopa kupiga simu. Si kuishika. Kuishika naishika hata zaidi ya inavyotakiwa. Ninachoogopa ni ule mlio wa kusubiri, halafu mtu anasema "Haloo", na mimi natakiwa niseme kitu papo hapo bila ya nafasi ya kufuta na kuandika upya. Nina miaka kumi na sita na sijawahi kumpigia mtu hata mara moja. Mama akiniambia nimpigie fundi wa mabomba, nashuka ngazi zote nikamwite kwa miguu. Ndiyo sababu nakuandikia barua za karatasi na kumpa Ami Kheir akuletee na gari lake la mizigo. Watu wanadhani nafanya hivyo kwa kupenda mambo ya zamani. Tafadhali usimwambie Baba.

Haya, sasa habari za nyumbani. Sote wazima. Mama ana nguo nyingi za kushona, Baba anakwenda kazini bandarini kama kawaida, na maji yanapanda mpaka ghorofa yetu ya nne siku yanayopenda yenyewe. Mimi nipo kidato cha tatu bado, na katika Fizikia nimekuwa wa pili.

Unaikumbuka ile simu ya tachi aliyokununulia Baba Idi iliyopita? Boksi lake limebaki hapa, na ndani mna kijitabu cha maelekezo. Nimekisoma chote, mpaka kurasa za Kireno. Kisha nikafungua simu yangu, ambayo ni ndugu ya hiyo yako ila imepasuka kioo, nikaingia kwenye Mipangilio na kuipitia yote kama mtu anayefungua makabati ya nyumba aliyohamia. Bibi, mna mambo humo hakuna mtu anayeyagusa! Nimeyaandika kwenye daftari. Ami Kheir anasema wewe simu yako unaitumia kama kurunzi ya kwendea bandani kwa kuku. Nimeona nikufundishe jambo moja kwa kila barua.

La leo ni hili. Ulisema macho yanakusumbua kwenye maua ya vanila. Fungua kamera, ielekeze kwenye ua, weka vidole viwili juu ya kioo, kisha vitanue taratibu. Ua litakuwa kubwa kama sahani.

Kuna la mwisho, na sipendi kuliandika. Baba anakupigia kila siku baada ya maghribi na hupokei. Jana alisema mtu wa miaka sabini na tatu hawezi kukaa peke yake shamba na simu isiyopokelewa. Kama hali haikubadilika mpaka skuli zinapofungwa Disemba, atakuhamishia hapa kwetu. Aliniangalia kama ananiuliza naonaje. Nikasema chai inachemka jikoni. Haikuwa inachemka.

Mjukuu wako,
Tahir


Kizimbani
10 Septemba 2024

Mume wangu Tahir,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, minanasi ya nyuma imezaa. Jirani yangu Borafya amepata mjukuu wa tatu na anaringa kama kamzaa yeye.

Nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Mume anayeogopa "haloo"! Ningelijua mapema ningelitaka mahari zaidi. Lakini usijali, siri yako nimeitia pamoja na hati za nyumba, na hati za nyumba hata mimi sikumbuki nimeziweka wapi.

Hiyo kamera nimeijaribu. Kwanza niliigeuza vibaya nikaiona pua yangu mwenyewe, imejaa kioo kizima. Nikaomba hifadhi. Nilipoielekeza kwenye mche wa vanila niliona mpaka vinyweleo vya sisimizi. Sasa na mimi nakulipa, jambo la shamba kwa jambo la simu. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu katika maisha yake. Jua likifika utosini limeshanywea. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, lazima mtu aende na mwiba wa mlimao, anyanyue kijigozi kilichomo ndani, asukume poda kwa kidole gumba, basi. Akichelewa siku hiyo hakuna tunda. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja kwenye kitalu cha serikali, na nilipostaafu nikapanda miche minane yangu nyuma ya nyumba. Mwezi wa Novemba itatoa maua. Sasa niambie, nikiwa ghorofa ya nne Michenzani, nani atayaamkia?

Ama kuhusu simu kutopokelewa: mara nyingine nipo kwenye miche, mara nyingine chaji, mara nyingine mtandao. Na simu yenyewe naona mbovu, siku hizi hailii. Mwambie baba yako asihangaike. Shamba kumetulia mno mwaka huu. Hata wale ndege ninga wamehama, alfajiri siwasikii kabisa. Sijui ndio dawa wanazopiga watu kwenye mboga.

Mkeo wa Kizimbani,
Bibi Mwanakheri


Michenzani
14 Septemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Sisi wazima. Mama amemaliza nguo za harusi na amelala siku nzima. Mananasi tumeyapata, moja lilipondeka chini ya viazi na Baba kasema ndilo tamu kuliko yote.

Nilimuuliza Ami Kheir kuhusu ninga wako waliohama. Naandika alivyosema, neno kwa neno:

"Wamehama? Wale? Juzi nimepaki gari chini ya mdoriani wa bibi yako, nataka nijilaze kidogo, wamenikera mpaka nimeondoka! Nikapiga honi mara tatu kumuaga, kanipa mgongo anamwagilia maji. Nikasema leo Bi Mwanakheri ana hasira na mimi."

Nimelifikiria jambo hilo siku tatu. Sitosema ninachofikiri.

Nitakuambia tu jambo la pili la simu, ambalo linawafaa sana watu wenye shughuli nyingi za mikono. Kwenye Mipangilio kuna mahali panaitwa Ufikivu. Humo unaweza kuifanya taa ya kamera imulike kila simu inapoita, na simu itetemeke pia. Mtu akiwa kwenye miche, au anakuna nazi, au vyovyote vile, anaona mwanga na anajua anaitwa. Nimemwandikia Ami Kheir hatua zote kwenye karatasi, atakuwekea atakapoleta barua hii. Simu ukae nayo karibu, mahali unapoweza kuiona.

Baba hajui kitu. Ila anahesabu wiki.

Mjukuu wako,
Tahir


Kizimbani
28 Septemba 2024

Tahir,

Leo huitwi mume wangu. Tu wazima. Kuku wanataga.

Jana Ijumaa baada ya alasiri kulikuwa na maulidi ya wanawake uwanjani kwa Borafya. Jamvi limetandikwa, kipaza sauti kimefungwa, kahawa ipo, halua ipo. Nikakaa mbele kama kawaida yangu. Simu niliitia kwenye kipochi cheupe, nikakiweka mapajani, mahali ninapoweza kuiona, kama ulivyoniamrisha.

Tupo katikati ya kasida, simu ikaanza kumulika. Nikadhani ni baba yako. Nikaifunika kwa mkono, ikamulika baina ya vidole. Ikanyamaza, ikaanza tena. Mara kumi, mara ishirini! Kumbe si baba yako. Ni ukoo mzima unatumiana "Ijumaa njema" kwa picha za mawaridi, na kila waridi moja, taa yangu pwaa! Mtu mmoja kaanza kusoma ayatul kursi. Borafya akapiga kelele, maana mdomo wake nilimuona umefunguka wote, kwamba umeme unapiga shoti. Akaruka vikombe vya kahawa, akakimbilia ndani, akazima swichi kubwa. Kipaza sauti kikafa.

Yaliyofuata sitoyaandika.

Taa nimeizima, na simu yenyewe nimeizima. Ipo kwenye kopo la mchele. Usiniandikie tena habari za simu.

Bi Mwanakheri binti Himid


Michenzani
12 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Tu wazima, ila nyumba imekuwa kimya.

Kosa ni langu. Katika karatasi niliyompa Ami Kheir niliandika awashe taa kwa simu zinazoita na kwa ujumbe pia, kwa sababu kijitabu kiliviweka pamoja na mimi nikataka kufanya kazi kamili. Sikufikiria Ijumaa. Katika kundi la ukoo wetu la WhatsApp mna watu hamsini na saba. Mimi mwenyewe zile salamu huwa sizifungui, ndiyo maana sikuzikumbuka. Nisamehe.

Ulisema nisiandike habari za simu, kwa hivyo nitaandika habari za Baba.

Simu yako ilipokuwa imezimwa, alipiga siku nne mfululizo. Siku ya tano alitoka kazini mapema akaja huko. Aliporudi alisema, "Mama mzima," halafu akaingia chooni akanawa uso, na maji yakamwagika muda mrefu mno kwa mtu anayenawa uso tu. Nilimuuliza Ami Kheir, maana na yeye alipita hapo siku hiyo. Hakutaka kusema. Nikamuandikia swali kwenye karatasi, akacheka, akasema.

Baba alibisha hodi mlangoni kwako nusu saa. Aliita "Mama! Mama!" Aligonga dirisha. Mlango umefungwa kwa ndani, kandambili zako zipo nje. Ami Kheir alimkuta amekaa barazani, uso ameufunika kwa mikono, analia. Alidhani umekufa, Bibi. Walipokuwa wanatafuta chuma cha kuvunjia kitasa, wewe, kumbe ulikuwa nyuma ya nyumba, ukaingia ndani kwa mlango wa uani, ukamfungulia, ukamwambia, "Hisham! Mbona hukupiga hodi?" Na yeye akacheka, akasema, "Ndo kwanza nimefika."

Siku ya pili yake alimkodi Ami Kheir. Jumapili ya tarehe mosi Disemba gari lake litakuja kuchukua kitanda chako, kabati na vyombo.

Sikuandika haya ili uone vibaya. Nimeandika kwa sababu mimi nilikuambia langu nisilowahi kumwambia mtu, na nilipomaliza nilipumua vizuri.

Mjukuu wako anayekupenda,
Tahir


Kizimbani
9 Novemba 2024

Mume wangu,

Nimekaa na barua yako wiki nne. Ami yako Kheir kila akija ananinyooshea mkono kuomba majibu, nami nampa pilipili hoho. Leo nampa barua. Mimi mzima wa mwili. Mvua za vuli zimeanza vizuri.

Sisikii, Tahir. Haya, nimeliandika, na kalamu haikuvunjika.

Lilianza sikio la kulia mwaka juzi, nikawa nawakalisha wageni kushotoni. Kisha la kushoto nalo likaanza kufunga duka. Mtu akinikabili uso kwa uso napata nusu, nusu nyengine nabuni kwa kumtazama midomo. Borafya ni rahisi kumbuni, siku zote anasema jambo lile lile. Lakini simu haina midomo. Nilimpokea baba yako mara ya mwisho mwezi wa Mei, nikasikia kama mtu anatafuna karatasi. Nikasema "Naam, naam, mzima, inshallah," nikakata. Tangu hapo naiacha.

Sasa yale ya maulidini. Borafya alipozima swichi, kipaza sauti kilikufa na wanawake wote wakanyamaza. Wote isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa siwasikii tangu mwanzo, kasida naijua kwa moyo, na nilipomuona Borafya anakimbia nilifumba macho kwa aibu ya ile taa, nikawa nasoma. Nikaendelea. Nimesoma beti tatu nzima peke yangu kwa sauti ya juu, katika uwanja uliotulia kama darasa la mtihani. Nilipofumbua macho watu sitini wananitazama. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonichoma. Walikuwa wananionea huruma. Borafya akaja akakaa ubavuni kwangu, akanishika mkono, hakusema kitu. Kwa Borafya kutosema kitu ni jambo kubwa.

Sikutaka baba yako ajue kwa sababu namjua. Mtu asiyesikia hawezi kukaa peke yake, atasema, na siku ya pili nimo ghorofani naangalia paa za watu. Niliona bora aniite mkaidi. Siku ile nilimuona macho mekundu nikadhani vumbi la njia. Nikampa maji anywe. Maji! Mwanangu analia kifo changu mlangoni na mimi naleta maji.

Simu nimeitoa kwenye kopo la mchele. Nitamwambia mwenyewe, usiniwahi. Nataka nimwambie huku namuona uso, na kabla ya gari la Kheir, lakini nisimwite huku mbio mbio akadhani kuna msiba. Na nataka aone kwa macho yake kwamba simu inaweza kupokelewa. Tafuta katika hicho kijitabu chako mtu kama mimi anapokea vipi simu.

Na utakapopata, wewe ndiye utakayepiga. Mbele ya baba yako. Langu nimelitoa, na wewe utoe lako.

Mkeo,
Mwanakheri


Michenzani
16 Novemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mitihani imebaki miwili.

Kwanza nakushukuru kwa kuniambia. Niliisoma barua yako kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mahali ambapo hapiti mtu mchana, na nilikaa hapo mpaka adhana ya alasiri.

Pili, nimepata. Nilikuwa natafuta jambo gumu, kumbe jibu lipo kwenye kitufe ambacho kila mtu anacho na sisi hatukigusi: simu ya video. Wewe unaweza kusema vizuri sana, usichoweza ni kusikia. Mimi naweza kuandika, nisichoweza ni kusema. Basi nikikupigia kwa video, nitakuandikia kwenye karatasi kwa kalamu nene na kuishika mbele ya kamera, na wewe utanijibu kwa mdomo. Taa Ami Kheir aiwashe tena, ila safari hii kwa simu zinazoita tu. Maneno hayo nimeyapigia mstari mara tatu kwenye karatasi yake.

Tatu, kuna programu ya bure inayoandika maneno ambayo mtu anayasema mbele ya simu. Inajua Kiswahili. Haipati kila neno, hasa mtu akisema haraka, lakini inapata mengi. Ami Kheir atakuwekea. Mwambie Bi Borafya azungumze, wewe usome.

Swali langu moja. Kwa kuwa maneno nitayaandika, je, si ni sawa na kukutumia tu ujumbe mfupi, bila ya kupiga?

Tahir


Kizimbani
23 Novemba 2024

Mume wangu,

Hatujambo. Nyanya zimeoza kwa mvua, mengine yote sawa.

Hapana, sivyo.

Jumamosi tarehe thelathini, saa nne ya asubuhi, nitakuwa nyuma ya nyumba kwenye vanila. Simu nitaitundika kwenye mti mbele ya macho yangu. Piga.

Ile programu nimeiwasha mbele ya Borafya. Maneno yakamiminika kwenye kioo, mstari juu ya mstari, mpaka simu ikapata moto. Kumbe anasema mengi hivi! Miaka miwili nilikuwa mapumzikoni bila ya kujua.

Mkeo,
Mwanakheri


Michenzani
Jumapili, 1 Disemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua tumeonana jana tu, na hali yako naijua. Lakini wewe uliona nyuso mbili ndani ya kioo, hukuona yaliyotokea upande wetu. Nataka uyajue.

Saa nne kasorobo Baba alikuwa sebuleni anafunga kamba kwenye maboksi aliyokuandalia. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari sentensi ya kumwambia, na nikaisoma kama ilivyo: "Baba, nataka kumpigia Bibi simu, na naomba ukae hapa pembeni yangu." Akaniangalia. Akasema, "Wewe? Kupiga simu?" Kumbe siku zote alikuwa anajua. Halafu akasema, "Hapokei, baba. Usijichoshe." Akakaa lakini.

Mikono yangu ilikuwa imelowa jasho, na kioo kilichopasuka hakisikii kidole chenye maji. Nilibonyeza mara mbili haikukubali. Nikafuta kidole kwenye shati. Ikakubali. Ule mlio niliokuwa nikiuogopa ukaanza. Ulilia mara nne, na katika mara nne hizo nilitaka kukata mara tano. Halafu ukatokea wewe, na mtandio wako wa kijani, na mwiba wa mlimao umeubana mdomoni.

Baba alisimama. Alisema kwa nguvu, "Mama! Mama, unanisikia?" Nikamshika mkono, nikanyanyua karatasi yangu ya kwanza. Wewe uliisoma kwa sauti: "Bibi, nipo na Baba." Kisha ukasema yale uliyoyasema, na sitoyarudia, maana ni yako. Nitakuambia tu kwamba uliposema, "Hodi yako sikuisikia, Hisham, ningeisikia ningekuja mbio," Baba alikaa chini, juu ya boksi la vyombo. Lilibonyea. Sahani mbili zimevunjika, Mama ameshasamehe.

Ulidhani mtandao umekatika, kwa sababu hatukusema kitu na picha haikutikisika. Haukukatika. Baba alikuwa anatafuta kalamu. Nilimpa yangu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, akaikata moja akaiandika tena, halafu akaishika karatasi mbele ya kamera kwa mikono miwili: SHIKAMOO MAMA.

Na wewe ukaitikia marahaba kwa sauti ambayo jirani wa ghorofa ya tatu ameniuliza leo ilikuwa ni nini.

Ulipogeuza simu na kutuonyesha maua, Baba alihesabu kumi na moja. Hakuwahi kuliona ua la vanila likichavushwa, miaka yote hiyo. Ulipokinyanyua kile kijigozi kwa mwiba, alisogeza uso mpaka karibu na kioo. Karatasi aliyoandika baada ya hapo umeshaisoma: Alkhamisi twende ukapimwe masikio, na kila siku baada ya maghribi video, na nikipiga mara tatu hukupokea nakuja mbio. Uliuliza, "Unakuja kunihamisha?" Akaandika: NAKUJA KUKUONA. Karatasi hiyo ameikunja ameitia kwenye mfuko wa shati. Nadhani ameiweka ili asije akaisahau yeye mwenyewe.

Simu ilipokatika Baba aliniuliza, "Kuna nini tena humu kwenye simu ambacho sisi hatukijui?" Nikamletea daftari. Amelisoma mpaka adhuhuri, na sasa simu yake inamulika kila ikiita, anasema kazini kuna makelele.

Halafu akakumbuka gari. Akalifunga daftari, akaniambia, "Mpigie Kheir."

Nilifikiria kushuka chini nikamtafute Darajani kwa miguu. Kisha nikatafuta jina lake, nikabonyeza, nikaiweka simu sikioni. Hii haikuwa video na sikuwa nimeandika kitu.

"Haloo," akasema Ami Kheir.

"Asalaam alaykum, Ami Kheir. Ni Tahir."

"Tahir yupi?"

Alikuwa hajawahi kunisikia kwenye simu.

"Tahir wa barua."

Akacheka mpaka nikaiondoa simu sikioni. Nikangoja amalize, kisha nikamwambia kwamba kesho yake gari halitohitajika, kitanda cha Bibi kinabaki pale pale kilipo. Nikamwambia apite hata hivyo asubuhi hiyo hiyo ya Jumapili, kwa sababu nitakuwa na barua ya Kizimbani. Akasema sawa. Nikasema sawa. Nikakata, nikaenda jikoni, nikateleka chai.

Tahir